Bunda la mitihani na mtoto mchanga

Muhula umeanza na nimeshawaona wahadhiri wapya wa kike chuoni kwetu. Mmoja kakubali kufundisha yuniti (kozi) nne za muda katika kampasi mbili, bila karatasi yoyote mkononi. Mwingine tangu aajiriwe ndiye mwandishi wa kumbukumbu za idara na mkusanyaji wa michango ya matanga. Wadogo zangu, njooni hapa.

1. Bila barua ya uteuzi usiingie darasani. Hata wenye barua hulipwa kwa kuchelewa. Wewe utamdai nani?

2. Kumbukumbu, chai ya wageni, kuwatuliza wanafunzi wanaolia mlangoni kwako kwa sababu wewe ni "mama": jopo la kupandisha vyeo halivihesabu. Linauliza machapisho, wanafunzi wa uzamili uliowasimamia na fedha za utafiti. Wenzenu wa kiume wanajua, ndiyo maana kalamu zao huishiwa wino mkutano ukianza.

3. Likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mimi niliipata, kwenye karatasi. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijaanguka mwenyekiti wa idara aliponipigia: "Mwalimu, bunda lako bado, na bodi ya mitihani ni Ijumaa." Hakunilazimisha. Mimi mwenyewe nilituma boda aniletee bunda hadi nyumbani, Mamboleo. Nikasahihisha usiku, mtoto kwenye ziwa la kushoto, kalamu nyekundu mkono wa kulia, maziwa yakidondokea kijitabu mpaka jibu la swali la pili likavuja wino lote. Maksi zake nilizikisia. Kisha likaja bunda la mwenzangu, maana "uko nyumbani tu." Nikakubali, nilikuwa wa kandarasi na nilitaka iongezwe. Usingizi ulipopotea nikasema ni uchovu. Mtoto akilia nami nisihisi lolote, nikasema ni uchovu. Siku ya chanjo, nesi aliyekuwa akimpima uzito akaniuliza, "Na wewe mama, unalala?" Nikalia mbele ya foleni nzima. Akaniandikia rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili, nami nikaificha ndani ya tasnifu yangu, mahali ambapo hakuna mtu angeifungua. Nilichelewa kwenda, nikaenda, nikatibiwa. Mfadhaiko wa baada ya kujifungua unatibika, jamani, wala si laana wala uvivu. Kandarasi? Iliongezwa, kwa sababu mtu mwingine aliacha kazi. Mabunda hayo hayakutajwa popote.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, andika nani anachukua yuniti zako na nani anasahihisha, na mkuu wa kitivo apate nakala.

4. Msimamizi wa tasnifu yako anayetaka mkutane hotelini saa mbili usiku "kupitia sura ya tatu": sura ya tatu husomeka mchana pia, ofisini, mlango wazi. Sheria hiyohiyo ya Ajira inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono. Iombe uisome kabla hujaihitaji, na usifute jumbe.

5. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini, na si msalani. Mkipewa stoo ya mafagio, ichukueni, kisha andikeni barua ya kudai viti, sinki na friji.