Opioidi za kuchoma kwenye mshono wa tumbo, neno kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza zamu tieta (chumba cha upasuaji), opioidi ni dawa kali za maumivu, na mtakuta daktari mmoja anachoma tramadoli kwenye mshono kabla hajafunga tumbo, mwingine pethidini, mwingine mofini kidogo na bupivakeini (dawa ya ganzi), na kila mtu atakwambia yake ndo kiboko. Sasa jueni hizi dawa hazifanyi kazi kwa njia moja. Pethidini na tramadoli zina tabia ya ganzi kabisa, zinaziba njia za sodiamu kwenye neva, ndo maana pethidini peke yake ikichomwa mgongoni mtu anaweza kupasuliwa. Mofini haina nguvu hiyo, inategemea risepta, yaani vipokezi vya dawa vilivyoko kwenye ncha za neva, na hizo zinachangamka zaidi penye inflamesheni (uvimbe na joto la kidonda), mshono uliokatwa saa hiyo hiyo bado haujafika huko.

Sifa ya mofini ilipanda kutokana na goti. Mwaka 1991 mtafiti Christoph Stein na wenzake waliweka miligramu 1 ndani ya goti na wakapata nafuu nzuri, lakini kilichonifanya niwaheshimu ni kwamba walikuwa na kundi lingine lililopewa miligramu 1 hiyo hiyo kwenye mshipa! Hapo ndo naomba mnielewe, kwa sababu dawa ya kwenye mshono inanyonywa inaingia kwenye damu, so ukichoma tramadoli mgonjwa akalala vizuri huwezi kusema mshono ndo umefanya kazi kama huna wa kumlinganisha aliyepewa dozi ileile kwenye mshipa. Mnaofanya utafiti wa chuo, kipengele hiki cha kulinganisha msikiruke jamani.

Halafu maumivu msiulize mgonjwa akiwa ametulia tu, mwambie akohoe, ajigeuze, ndo upime. Na ganzi ya mshono inagusa ukuta wa tumbo, maumivu ya ndani kwenye utumbo au kizazi yanabaki palepale, kwa hiyo paracetamo ya kila baada ya masaa 6 isikatwe eti kwa kuwa alichomwa.

Pethidini kwa mwenye figo mbovu mimi sikubali, mabaki yake yanajikusanya yanaleta degedege. Na chochote kilichoingia kwenye mshono kiandikwe kwenye faili, dozi na saa, maana nesi wa usiku asipojua ataongeza opioidi nyingine juu yake na pumzi ya mgonjwa itashuka wadi nzima imelala.