Chokleti zangu zinatoa jasho, foili ndo mbaya?

SWALI: Bi Mkubwa shikamoo. Mie niko Ngamiani hapa Tanga, najifunza kutengeneza chokleti nyumbani, sasa wifi yangu ana shughuli mwezi ujao nikasema nimfungie vichokleti 60 vya kuwapa wageni. Vya majaribio nilivitoa kwenye friji nikavifunga palepale na foili ya jikoni, siku ya pili kufungua, madoa meupe, ulimini vinakwaruza kama mchanga, vingine foili imegandia haitoki. Ndani nimetia jamu ya machungwa ya Muheza. Foili ndo mbaya? Na ule upande wa kung'aa unakaa ndani au nje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Foili unaionea bure. Friji ina baridi, hewa yetu ya pwani imejaa maji, ukitoa tu kitu kinatoka jasho, we ukalifungia humohumo, likayeyusha sukari ya juu, na likikauka sukari inabaki punjepunje, ndo huo mchanga wako.

Fanya hivi. Zitoe zikiwa kwenye kontena lililofungwa kabisa, na USIFUNUE, liache mezani hata saa nzima mpaka kontena lenyewe nje limeacha kutoa jasho, hapo ndo ufungue. Kazi ifanye alfajiri, mana mchana wa Tanga na hasa kaskazi ikiwa inavuma utafunga uji. Vaa glavu. Siagi ya kakao, yale mafuta yaliyomo kwenye chokleti, inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi na joto la kiganja chako linakaribia hapo, kwa hiyo usizishikeshike.

Upande wa kung'aa weka nje, kwa urembo tu, pande zote mbili ni salama. Ila foili ya jikoni ni ngumu kidogo, inafanya mikunjo, kata miraba ya sentimita 8 kwa kichokleti cha sentimita 3, kunjia chini halafu isugue taratibu kwa mgongo wa kijiko itulie. Ukitaka za rangi tafuta zile za peremende kwenye maduka ya vifaa vya keki, sio makaratasi ya kung'aa ya kufungia maua jamani, yale hayakutengenezwa yaguse chakula.

Sasa hiyo jamu. Ikivuja, ukali wa chungwa unaila foili, inatoboka vitundu na chokleti inakuwa na ladha ya bati. Hakikisha kitako kimezibwa vizuri, na kama una wasiwasi tanguliza kipande cha karatasi ya kuokea ndo foili ifuate.

Siku ya shughuli usizitandaze mapema ukategemea feni, feni inapoza watu, chokleti haiipozi. Zitoke wageni wakikaribia kuondoka, si unajua Tanga yetu, waja leo waondoka leo, na chokleti ni hivyohivyo. Na vipimo vya hiyo jamu nitumie mwaya.