Kupanda Haraka au Kujua Kupiga?

Skuli zikifungwa maswali huzidi, na safari hii karibu yote yamekuja na jambo moja: kwenye gemu za mtandaoni, mtu akimbilie levo, ile namba ya ukubwa wa mhusika wake, mpaka kileleni, au ajifunze kupigana na wachezaji wenzake njiani? Nimechagua saba. Mengine yalikuwa matusi kwa wapinzani wa muulizaji, hayo nimemwachia mwenyewe.

Mwanafunzi, Mpendae: Shikamoo kaka. Rafiki yangu mmoja ananiambia nifike levo ya mwisho kwanza ndiyo nianze kupigana na watu. Mwengine anasema nipigane tangu siku ya kwanza. Nimsikilize nani?

Marahaba, mdogo wangu. Msikilize yule atakayekuuliza kwanza: gemu gani? Levo si kitu kimoja kila mahali. World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, levo ya mwisho ilikuwa 60, na adui aliyekuzidi kwa levo 10 au zaidi hukuoneshwa hata namba yake, uliona fuvu la kichwa tu. Lile fuvu halikuwa pambo. Ukimrushia upanga humpati, ukimpata humuumizi, na yeye akikugusa mara mbili umelala. Hapo hakuna ufundi wa kukuokoa, panda kwanza.

Guild Wars 2, ya mwaka 2012, imekwenda njia nyengine kabisa. Ukiingia kwenye viwanja vyake vya mapambano unavishwa levo 80 hapo hapo, mgeni na mkongwe sawasawa, na nguvu za zana zinasawazishwa. Hilo ndilo bao letu: kete 64, kila mtu 32, na hakuna anayekaa barazani akaambiwa mwenzio ana kete mia kwa sababu anacheza tangu alfajiri. Kukesha ukitafuta levo ili ukapigane kwenye viwanja vile ni kutoka Malindi kwenda Darajani kwa kupitia Bububu.

Mimi somo hili nilifundishwa na giza. Desemba 2009 waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja uliharibika, tukakaa karibu miezi mitatu na jenereta na vibatari. Binamu yangu yuko Muscat, kwake taa hazizimiki. Tuliachana tukiwa sawa kwenye RuneScape. Umeme uliporudi Machi 2010 alikuwa kanipita levo kumi na kitu. Nikasema basi, leo nimekwisha. Tukaingia uwanja wa mapambano ya hiari. La kwanza kanipiga. La pili nikampiga mimi, la tatu nikampiga tena, la nne akasema mama yake anamwita. Miezi yote ile alikuwa anakata mazimwi ambayo yanasimama palepale yakisubiri kufa. Hajakutana na mtu anayekimbia, anayekula chakula kwa hesabu, anayebadilisha silaha katikati ya ugomvi. Mimi kabla ya giza nilikuwa nimeshapigwa na kila aina ya mtu, na kipigo kile kilibaki mikononi hata umeme ulipoondoka.

Kwa hiyo: panda, lakini usingoje kileleni kuonja ngumi. Tafuta pambano ambalo ukifa hupotezi kitu, upigwe huko mara kumi, ishirini. Swali la kujiuliza kila mara kabla hujachomoa upanga ni hili: hapa kifo kinachukua nini?

Msomaji wa Wete: Yakhe, mimi ni levo 85 kwenye Old School RuneScape. Juzi nimeingia Wilderness, ile nyika ya kuuana, kanitokea mtu wa levo 60, kaniua kwa mapigo matatu. Huyo kaiba kwenye gemu au vipi?

Hakuiba, yakhe. Kakufanyia hesabu.

Ile namba unayoiona juu ya kichwa cha mtu, inayokwenda mpaka 126, ni mchanganyiko wa ujuzi kadhaa, na ulinzi ni mmojawapo. Sasa huyo mwenzio ulinzi wake kauacha kwenye 1 kwa makusudi, miezi na miezi, na jasho lake lote kalitia kwenye nguvu ya kupiga. Namba yake inabaki ndogo, mkono wake mzito. Huyo ni papai: ukiwahi kumpiga kisawasawa anapasuka. Tatizo lako ni kuwa hukuwahi, kwa sababu uliona 60 ukacheka.

Na angalia jambo jengine. Kule Wilderness kila hatua ya ardhi ina levo yake, na levo hiyo ndiyo inayoamua nani amguse nani. Ukisimama penye 10, wewe wa 85 utapigana na wa 75 mpaka 95 tu. Kama wa 60 alikufikia, basi ulikuwa umeingia ndani mpaka 25 au zaidi. Ulifuata nini huko na zana zako zote? (Usinijibu, najua. Sote tumewahi kufuata.)

Kuna na faida ya pili kwa hawa wanaosimamisha levo zao. Kufikisha ujuzi mmoja levo 99 katika gemu ile kunataka pointi za uzoefu 13,034,431. Nusu ya pointi hizo inakufikisha wapi? Levo 92. Maana yake zile levo saba za mwisho zina kazi sawa na levo zote zilizotangulia. Nyinyi wa Pemba mnaijua hali hii msimu wa karafuu: matawi ya chini pishi linajaa unapiga hadithi, ya nchani unapanda na roho mkononi kwa konzi moja. Mpiganaji mwerevu anachuma ya chini katika mambo mengi, anapanda nchani kwenye jambo moja tu linaloua.

Mtindo huu haukuwa wa gemu moja. Kwenye World of Warcraft ya zamani viwanja vya vita viligawiwa kwa makundi ya levo, 10 mpaka 19, 20 mpaka 29, na kuendelea. Watu wenye fedha kutoka kwa wahusika wao wakubwa wakamjenga mhusika wa levo 19, wakamvisha deraya na silaha bora kuliko zote anazoruhusiwa, wakamzuia asipande. Mgeni wa levo 11 akiingia pale anakuwa kitoweo. Mwaka 2009 wenye gemu wakafanya mambo mawili kwa pamoja: vita vikaanza kutoa pointi za kupanda levo, na asiyetaka kupanda akaweza kulipa dhahabu 10 ya ndani ya gemu afungiwe levo yake, lakini akapigane na waliojifungia wenzake. Ule uwindaji wa wageni ukapoa. Mimi niliona ni haki, ingawa najua watu wazima waliosononeka kama wamefiwa.

Dada wa Michenzani: Mimi napenda kupanda polepole, kusoma hadithi, kuvua samaki. Kila nikifika mahali pazuri linatokea jitu la levo ya mwisho linaniua, linacheka, linaondoka. Kuna raha gani hapo, na nifanye nini?

Raha ni yake peke yake, dada yangu, na malalamiko yako ni ya zamani kuliko wengi wanaocheza leo. Ultima Online ilifunguliwa mwaka 1997, na ingawa haikuwa na levo bali ujuzi, wauaji walikuwa wakiwasubiri wachimba madini na wakata kuni nje ya miji. Hata mfalme wa gemu, mhusika wa mtengenezaji mwenyewe, aliuawa na mchezaji mwaka huo huo kabla gemu haijafunguliwa rasmi. Mwaka 2000 ulimwengu ule ukagawiwa pande mbili: mmoja wa kuuana kama zamani, mwengine ambao humgusi mtu asiyetaka. Watu wakahamia kwenye amani kwa wingi, na waliobaki upande wa vita wakaanza kulalamika kuwa hakuna wa kumuua. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu.

Lakini kufuta vita kabisa nako kuna gharama. RuneScape iliondoa mapigano ya Wilderness Desemba 2007, katika kupambana na wanaouza dhahabu ya gemu kwa fedha za kweli. Watu waliona ardhi imekuwa kaburi. Wachezaji walipopiga kura, Wilderness ikarudi Februari 2011.

Ninaloliona mimi ni hili: ubaya hauko kwenye kupigana, uko kwenye kupigwa bila kukubali. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa wanaume wazima wanachapana kwa migomba mchana kweupe, na hakuna anayekwenda kituo cha polisi. Siku inajulikana, uwanja unajulikana, na anayetaka kuangalia tu anakaa pembeni. Gemu zilizofahamu hilo zimetulia. World of Warcraft tangu 2018 inakuachia uwashe au uzime hali ya vita ukiwa kwenye miji mikuu, na aliyewasha hupata nyongeza ya pointi za uzoefu, ilianza na asilimia 10. Hatari inalipwa. Wewe zima, vua samaki wako. Ile asilimia 10 waachie wanaokimbia.

Kijana wa Nungwi: Napigwa kabla sijamuona anayenipiga. Bando ninalo, simu ni nzuri. Tatizo mimi au mtandao?

Huenda wote wawili, lakini nianze na bahari. Kutoka hapa mpaka Amsterdam, iliko seva ya Ulaya (kompyuta inayoendesha mchezo) ya gemu ya Albion Online, ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari wa ndege. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 70, na hapo nimekupa waya ulionyooka, ambao haupo. Waya wa kweli unazunguka pwani, unapita vituo, kisha kipande cha mwisho ni mnara wa simu ambao watalii wote wa Nungwi wanautumia kurushia picha za machweo. Bando kubwa halifupishi bahari. Na ikitokea kama Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, hapo usipigane na mtu kabisa, kauwe mazimwi.

Unachoweza kuchagua ni gemu. Old School RuneScape inahesabu mambo yake kwa mapigo ya sekunde 0.6, kuchelewa kwa sekunde 0.2 hapo hakukumalizi. Gemu ya kukwepa pigo kwa nukta ya jicho itakuonea kila siku. Na chagua kazi: simama nyuma, tibu wenzio, au piga kwa mbali. Kazi ya kumrukia mtu umwachie anayeishi karibu na seva.

Mwalimu, Chake Chake: Wanafunzi wangu wananunuliana akaunti zenye levo kubwa. Ni sawa?

Mwalimu, heshima yako. Gemu nyingi zinakataza, na akaunti ikifungwa fedha imekwenda. Kuna wanaotapeliwa pia: muuzaji anawaomba wenye gemu wamrudishie akaunti kama bado ni yake, na anarudishiwa. Ingawa wenye gemu nao si malaika. Blizzard yenyewe, wenye World of Warcraft, ilianza mwaka 2014 kuuza levo 90 ya papo hapo kwa dola 60. Waliopandishwa hivyo uliwajua kwa kuwatazama: vitufe arubaini, hawajui hata kimoja kinafanya nini.

Mzazi, Kiembesamaki: Mwanangu nimempa saa moja kwa siku. Analia kuwa wenzake watampita.

Watampita, na hilo halina dawa. Mwambie akicheza World of Warcraft amalizie saa yake ndani ya nyumba ya wageni. Mhusika akipumzika humo, kesho yake kila zimwi litampa pointi maradufu mpaka pumziko liishe. Saa nusu ya kupanda, saa nusu ya kupigana. Na saa moja inatosha, mzazi mwenzangu, usiongeze.

Msomaji wa Mkoani: Nilikuwa eneo jeusi la Albion, umeme ukakatika, wifi ikazimika. Niliporudi nimekufa, zana zote hazipo. Nikiwaandikia watanirudishia?

Hapana. Eneo la bluu na la njano ungeamka na vitu vyako, ila vimechakaa. La jekundu na jeusi, aliyekuua anachukua, na baadhi ya vitu vinaharibika hapo hapo asivipate hata yeye. Mtandao ukikatika, gemu za aina hii huuacha mwili wako umesimama kwa muda, kusudi mtu asichomoe waya kukimbia kipigo. Haziwezi kujua kama ni wewe umechomoa au ni nguzo imeanguka.

Kule jeusi ingia na zana ambazo unaweza kuzinunua tena mara tano siku hiyo hiyo. Na simu iwe na bando, hata dogo, uhamie huko wifi ikizimika. Mimi ninalo la akiba tangu nilipopoteza farasi niliyemtafutia fedha wiki tatu. Aliyemchukua aliniandikia "asante".