Muulize Mwalimu: Boksi la laki tisa, ninunue au nisinunue?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi mama wa Njiro, Arusha. Binti yangu ana miaka 16, tunamfundisha nyumbani tangu darasa la sita maana baba yake kazi za utalii, leo Karatu kesho Seronera, tukaona shule za kuhamahama zitamchosha mtoto. Mwaka jana kafanya IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa ngazi ya form four, kama private kwenye kituo hapa mjini na kafaulu vizuri, historia ndo roho yake. Sasa anataka mtihani wa juu, chuo anasema Marekani, siku nyingine anasema Dar. Kuna mzazi kwenye grupu la WhatsApp anauza mtaala wa Kimarekani boksi zima, vitabu na video, laki tisa, anasema ndo unaandaa watoto kwa AP, ile mitihani ya Kimarekani ya ngazi ya chuo. Nimekutumia na picha za boksi. Ninunue?

JIBU: Marahaba mama. Hiyo laki tisa iache palepale ilipo kwanza.

Nimezikuza hizo picha mpaka simu ikagoma. Hilo boksi ni la historia ya Marekani. AP za historia ziko tatu: ya Marekani inaanzia 1491, ya Ulaya inaanzia karibu 1450, na ya dunia wanaiita World History: Modern, inaanzia karibu 1200. Huyo muuzaji sijui kama anajua anachouza au anataka tu kupunguza vitu stoo, ila ukinunua hilo binti atakaa hapo Njiro anameza risasi za Lexington za mwaka 1775, vita vya uhuru wa Marekani, wakati ile ya dunia inamkuta nyumbani kabisa, biashara ya Bahari ya Hindi imo, miji ya Waswahili imo, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331, hawezi kumkwepa, na mbele huko kwenye nchi zilizopata uhuru atamkuta Nyerere. Mtoto anayeipenda historia mpe hiyo.

Halafu kuna kosa ambalo wazazi wengi wa kufundisha nyumbani wanalifanya, wananunua vitabu kwanza ndo wanatafuta mtihani. Geuza. Muhtasari wa AP upo bure kwenye tovuti ya College Board, wenye mtihani wao, na maswali ya insha ya miaka ya nyuma yapo pamoja na jinsi yanavyosahihishwa, bure vilevile. Peleka flashi steshenari wakuprintie, ukishayasoma hayo utajua mwenyewe kitabu gani kinafaa na kipi ni picha tu. Kitabu kimoja kinene cha historia ya dunia, hata mtumba, kinatosha.

Sasa mtihani wenyewe, maana hapa ndo kwenye kazi. Maswali ya kuchagua 55 kwa dakika 55. Majibu mafupi matatu, dakika 40. Halafu anapewa nyaraka 7, barua, hotuba, katuni, ramani, aandike insha kwa kuzitumia, saa nzima. Mwisho insha nyingine dakika 40 bila nyaraka yoyote. Na siku hizi wanafanyia kwenye kompyuta, kwa hiyo kama binti anachapa kwa kidole kimoja anza na hilo leo. Hiyo ya nyaraka ndo inayowaangusha watoto waliosoma peke yao, wanasoma sana, wanajua sana, ila hajawahi mtu kuwawekea saa mezani.

Fanya hivi. Jumamosi toa vyombo mezani, weka karatasi chache kuhusu ardhi ya Wameru wa hapo Arusha. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha watu kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wazungu, na 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka New York, Umoja wa Mataifa, kulalamika, wakili wao Earle Seaton alikuwa mtu wa Bermuda anafanya kazi hapo Moshi. Tafuta kipande cha ombi la Wameru, kipande cha maelezo ya serikali ya Uingereza, na ramani ya mashamba. Muulize kila karatasi: nani kaandika, anamwandikia nani, lini, anataka nini, na nini hakusema. Asikwambie tu "karatasi hii inasema", hiyo haina maksi ya maana, akwambie kwa nini huyu mtu kaisema hivyo. Tega simu dakika 60. Mara ya kwanza atalia, wa kwangu alilia.

Tahadhari mbili. AP inafanyika Mei, kufanya huhitaji kuwa umesoma kozi yenye jina la AP, ila lazima upate shule inayotoa huo mtihani na ikubali mtoto wa nje, na oda zinafungwa Novemba mwaka unaotangulia, kwa hiyo Agosti uwe umeshapiga hodi. La pili ni hilo la Dar. Chuo cha hapa wataangalia form six au cheti cha nje kilicholinganishwa na NECTA, AP moja ya historia haimbebi. Kama kweli hajaamua, kaeni naye mzungumze kuhusu A Level ya Cambridge, IGCSE anayo tayari, historia yake ina pepa nne na mbili za kwanza ndo AS, yaani nusu ya kwanza ya A Level. Mimi ningekuwa wewe ningeenda huko, na AP ya dunia ningemwongezea kama hamu bado ipo.

SWALI: Mwalimu mambo, mi niko Moshi, nauza mitumba Memorial, form four nina C nne historia ikiwemo. Nataka kufanya form six kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea. Madesa ya historia yanatosha?

JIBU: Poa kijana. C tatu ndo zinazotakiwa kwahiyo umepita. Madesa hayatoshi. Ni mifupa. Yanakupa pointi, "Waafrika walipinga, wengine walishirikiana", halafu mfano hakuna, na msahihishaji kashaona hiyo sentensi mara mia siku hiyo. Pepa ziko mbili, ya Afrika na ya dunia, zote zinataka uandike ushibe.

Na wewe mifano unaiona ukiinua kichwa tu. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliwapiga Wajerumani 1892, wakarudi, na Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi. Mangi Marealle wa Marangu yeye alikuwa upande wa Wajerumani. Mlima mmoja, majibu mawili, na swali la kwa nini mmoja alipigana na mwingine akashirikiana lina pepa nzima ndani yake (kidokezo: ugomvi wa wamangi wenyewe kwa wenyewe ulianza kabla mzungu hajafika). Panda gari ya Old Moshi siku ya wewe kupumzika, uone palipo na mti alionyongewa Meli.

Muhtasari chukua wa sasa, wa Taasisi ya Elimu, maana mitaala imebadilika na madesa mengi hapo stendi ni ya zamani. Mchana wateja wakipungua andika insha moja, kwa peni, gawanya masaa matatu kwa maswali unayotakiwa kujibu ndo upate dakika zako. Ukimaliza tano nitumie, nasahihisha bure ila mwandiko uwe unasomeka.