Ukiwinda mashimo meusi ya ukubwa wa kati, anza na umbali

Kama ndo unaanza kusoma mashimo meusi ya ukubwa wa kati, yale yenye uzito wa kuanzia kama Jua 100 hadi Jua 100,000 hivi, kuna kitu natamani ningeambiwa mapema. Chanzo kikiwaka sana kwenye eksirei haina maana umeshalipata. Mimi miezi minne iliniishia hapo.

Nilikuwa nachambua data za XMM-Newton, darubini ya eksirei ya Ulaya iliyo angani, nikaona kidoa pembeni mwa galaksi moja, mbali na kitovu chake, kinawaka kupita kiasi, nikachukua umbali wa ile galaksi nikapiga hesabu ya mwangaza wake halisi na uzito wake, jibu likaja uzito wa Jua elfu kadhaa, aisee usiku ule sikulala. Baadaye mwenzangu akaniuliza swali moja tu, una uhakika gani kimo ndani ya galaksi hiyo? Tukatafuta spektra ya mwanga wake wa kawaida, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, kumbe ni kwaza, kitovu kinachowaka sana cha galaksi nyingine, iko nyuma huko mbali sana, imejipanga tu mstari mmoja na galaksi yangu. Hesabu yote ikaanguka maana umbali ndo ulikuwa umeibeba. Niliumia kwelikweli.

Ndo maana naiheshimu sana HLX-1, chanzo cha eksirei kinachodhaniwa kuwa shimo la kati. Ilitangazwa 2009 kutokana na data za XMM-Newton, iko kwenye galaksi ya ESO 243-49, miaka ya nuru kama milioni 290 kutoka hapa, lakini wengi walitulia pale ulipopimwa mstari wa haidrojeni kwenye mwanga wake na umbali ukalingana na wa galaksi. Na eksirei zake ni laini, yaani za nishati ndogo, jambo linaloendana na shimo kubwa, kwa sababu shimo likiwa kubwa zaidi gesi inayolizunguka kwa ndani haipati joto kali kama kwenye shimo dogo.

Halafu jifunze macho ya darubini unayotumia. Chandra, darubini ya eksirei ya NASA, inatenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu sekunde ya tao, yaani digrii moja ukiigawa mara 3,600 halafu unachukua nusu yake. XMM-Newton inakusanya fotoni, yaani chembe za mwanga, nyingi zaidi ila picha yake ina ukungu, sasa pale galaksi ya M82 kuna vyanzo viwili vya eksirei, X-1 na X-2, zimeachana kama sekunde 5 za tao tu, mwanga wao unamwagikiana. X-1 bado inahesabiwa kati ya mashimo ya kati yanayowezekana. X-2 je? Mwaka 2014 darubini nyingine ya eksirei, NuSTAR, ikakuta inapiga mapigo kila sekunde 1.37, shimo jeusi halipigi mapigo ya namna hiyo, ile ni nyota ya nutroni, kiini kidogo kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka, inawaka karibu mara 100 ya kikomo chake, yaani mwangaza ambao ukizidi unatakiwa kuisukuma nje gesi inayoingia! Kwa hiyo tafuta mapigo kabla hujaandika neno shimo, tafadhali.

Kingine kidogo ila kinachoma: kwenye XMM-Newton chora kwanza grafu ya kelele za nyuma, yaani ishara zisizotoka kwenye chanzo chako, kwa muda wote wa uchunguzi. Ukiona mstari umelala halafu ghafla unapanda kama kichuguu, hizo ni protoni za angani zimepitia kwenye vioo vya darubini zikafika kwenye kipokezi, kata vipande hivyo hata kama utabaki na nusu ya muda. Niliwahi kuvionea huruma nikaviacha, spektra ikanionyesha mkia wa nishati kubwa ambao haukuwepo.

Na usisubiri mpaka upewe muda wa darubini, hifadhi za data ziko wazi bure kwa yeyote. Shimo linaloitwa 3XMM J215022.4−055108, iliyoonekana ikila nyota iliyoipasua, ilikuwa imekaa kwenye data za zamani tangu 2006 ndipo watu wakaifukua wakaitangaza 2018, na 2020 Hubble ikaonyesha iko ndani ya kundi zito la nyota pembeni mwa galaksi kubwa, uzito kama Jua 50,000. Mimi sasa hivi napitia faili za zamani hivyohivyo, moja baada ya nyingine, umbali kwanza.