Sifuri Yetu na Chiffre ya Wafaransa: Je, Ni Neno Moja?

Swali: Ndugu Mhariri, natafsiri nyaraka kutoka Kifaransa hapa Bukavu. Mwenzangu ananiambia "chiffre" ni sifuri hii hii yetu. Mbona basi maana yake ni tarakimu? Na Wajerumani wanaosema "Ziffer", nao wamo?

Jibu: Mwenzako hakukosea. Wajerumani wamo, na Warusi wenye "tsifra", Wapolandi wenye "cyfra" na Waswidi wenye "siffra" wamo pia. Wote hao, kama Wafaransa, wakilitamka neno hilo wanataja tarakimu, si sifuri.

Wahindi waliiita alama ya nafasi tupu "shunya", yaani tupu. Waarabu walipozipokea hesabu hizo hawakulibeba neno la Kihindi; waliweka lao lenye maana ile ile, "ṣifr", na kwao ndiko tulikoipata sifuri. Ulaya neno liliingia kupitia Kilatini, likiwa na sura mbili. Sura moja ni ya Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci. Alijifunzia hesabu hizo Bugia, mji ambao leo ni Béjaïa nchini Algeria, baba yake alipokuwa afisa wa forodha wa wafanyabiashara wa Pisa. Katika Liber Abaci, kitabu chake cha 1202, anasema kwamba kwa tarakimu tisa za Wahindi na alama 0, ambayo Waarabu huiita "zephirum", namba yoyote huandikika. Waitalia wakaifupisha zephirum kuwa zefiro, kisha zero. Sura ya pili, iliyoandikwa na wengine, ni "cifra".

Maana iligeuka kwa sababu ya kile kilichowashangaza watu. Aliyezoea namba za Kirumi aliweza kuilinganisha 5 na V, au 9 na IX. Lakini 0 haikuwa na mwenzake. Ndiyo iliyoupambanua mtindo mpya, na jina lake likaishia kuitwa alama zote kumi. "Zero" ilipoenea kutoka Italia ikakaa mahali pa sifuri, "cifra" ikabaki na kazi ya tarakimu. Wahispania wanayo yote mawili, "cero" na "cifra". Wajerumani waliacha zero, wakachukua "Null" kutoka neno la Kilatini la hakuna.

Kwa kazi yako, shika tofauti hii: 507 ni namba moja (nombre) yenye tarakimu tatu (chiffres). "En chiffres et en lettres" kwenye hundi ni kwa tarakimu na kwa maneno. Mtego mkubwa ni "chiffre d'affaires". Hiyo ni jumla ya mauzo kabla ya kutoa gharama, na anayeiandika "faida" anampotosha msomaji wa hesabu vibaya sana. Ukikuta "Ziffer 3" katika mkataba wa Kijerumani, mara nyingi ni kipengele cha 3. Kwa Waholanzi, "cijfer" ya shuleni ni maksi.

Swali: Kwa Kiingereza nakutana na "cipher" kwa maana ya maandishi ya siri. Sifuri na siri zimekutana wapi?

Jibu: Kwenye barua za wajumbe. Karne ya 15, wajumbe wa miji ya Italia waliandikiana kwa kubadilisha herufi kuwa tarakimu na alama nyingine, na maandishi hayo yakaitwa kwa jina la alama zenyewe. Ndipo zilipotoka "déchiffrer", "decipher" na "entziffern", yote yakimaanisha kufumbua. Kiingereza kilihifadhi pia maana ya kale: mtu akiitwa "cipher", ni mtu asiyehesabika.

Kabla ya hapo sifuri ilishatiliwa shaka kwa sababu nyingine. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika tarakimu hizi katika vitabu vya hesabu. Kiasi kiandikwe kwa maneno. Si woga wa bure. 0 ukiivuta mkia juu ni 6, ukiuvuta chini ni 9.

Swali: Je, sufuria na safari ni ndugu wa sifuri?

Jibu: Safari hapana. Kiarabu kina "s" mbili, sin na sad. Safari ni ya sin, sifuri ni ya sad, nasi tumezitia zote katika "s" moja. Ukitaka kuhakiki undugu wa maneno ya aina hii, usitegemee sikio la Kiswahili. Tazama herufi za Kiarabu.

Sufuria ni ya sad, na herufi zake tatu za msingi ni zile zile za sifuri: sad, fa, ra. Hata hivyo inatoka kwenye "ṣufr", shaba ya rangi ya manjano iliyofuliwa vyombo, si kwenye utupu. Sufuria tupu, basi, ni mchezo wa herufi tu.

Swali: Nimenunua kifaa kutoka Uturuki. Kinadai "şifre". Nimebonyeza 0, kinakataa.

Jibu: Kinataka nywila, iangalie kwenye kijitabu cha maelekezo. Kwa Kituruki sifuri ni "sıfır", iliyotoka Kiarabu moja kwa moja. "Şifre" imezungukia Ufaransa, kutoka "chiffre", ndiyo maana ina "sh". Waarabu wenyewe wanayo hiyo ya pili: "ṣifr" ni sifuri, na "shifra" ni maandishi ya siri, neno walilolipokea kwa Wafaransa.