Jaketi la kuakisi mwanga kwa waendesha bodaboda: lazima au hiari?

Ndugu, umeuliza kama ni haki waendesha bodaboda wa Kampala walazimishwe kuvaa jaketi la kuakisi mwanga. Kwa maoni yangu ni haki, hasa usiku, kwa kuwa hapa karibu na ikweta giza huingia upesi mwaka mzima, mnamo saa moja jioni, wakati ambapo barabara zimejaa watu wanaorudi nyumbani. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba waendesha pikipiki waliovaa mavazi yanayong'aa au kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa takriban asilimia 37.

Hata hivyo, rangi kali husaidia mchana tu. Usiku kinachofanya kazi ni ile mikanda inayorudisha mwanga wa taa kwa dereva, nayo ikifunikwa na vumbi letu jekundu haina faida. Tena abiria akishapanda, mgongo wa mwendeshaji hauonekani kabisa, kwa hiyo sheria inayomtaja mwendeshaji peke yake, bila kugusa taa ya nyuma ya pikipiki, naiona nusu sheria.